Pua Ambayo Sikuitazama

Kazi yangu ni kuchungulia pua za watu. Naisema hivyo kwa sababu ndivyo watoto wangu wanavyoisema shuleni wakiulizwa, na sijapata namna nyingine ya kuisema. Mimi ni afisa wa kliniki wa masikio, pua na koo katika hospitali moja mjini Kisii. Puani mwa watu nimetoa shanga, maharagwe, betri za saa, na mara moja mende aliyekuwa bado anarusha miguu. Wanafunzi wanaoletwa kwangu nawafundisha jambo moja kabla ya mengine yote: mafua hayachagui upande. Mtu akikwambia pua yake imeziba upande mmoja tu, mwezi baada ya mwezi, na upande huohuo unatoa damu, usimpe dawa ya mafua ukamwambia aende zake. Washa taa, umwangalie.

Nawafundisha hivyo kwa ukali, na wengine wananichukia. Sijawahi kuwaambia ukali huo ulitoka wapi.

Mimi ni mtu wa ziwani. Niliolewa Manga, kule juu mlimani, katika boma la Waadventista lenye chai kidogo, ndizi nyingi na karakana moja ya useremala. Karakana ni ya baba mkwe. Maisha yake yote mzee huyo amekuwa akiranda mbao: vitanda vya maarusi, madawati ya shule, benchi za kanisa letu, majeneza ya karibu kila aliyezikwa upande ule wa mlima. Karakana yake ina dirisha moja dogo, na vumbi la mbao humo ndani hukaa hewani hata mashine zikiwa zimezimwa. Akitoka jioni nyusi zake zilikuwa za rangi ya unga wa wimbi, na wajukuu wakimcheka.

Wiki moja kabla ya harusi yangu, shangazi wa mume wangu alinikalisha akanieleza chinsoni, ile heshima iliyochanganyika na aibu ambayo Wakisii huiweka kati ya mtu na wakwe zake. Baba mkwe hutamsalimia kwa mkono. Hutakaa kwenye kiti chake. Hutaingia chumbani kwake, na yeye hatavuka kizingiti cha nyumba yako hata siku moja. Habari za mwili hazizungumzwi kati yenu, liwe tumbo au jino. Ukiongea naye, angalia chini.

Wake wa mashemeji zangu, waliozaliwa na mambo hayo, waliyafuata kwa kulegeza hapa na kukaza pale. Mmoja alikuwa akimtania mzee waziwazi kuhusu upara wake na hakuna aliyekufa. Mimi mgeni niliyashika kama mtu aliye kwenye mtihani. Sikutaka mtu yeyote wa Manga apate la kusema juu ya yule mwanamke wa ziwani. Miaka kumi na moja nilimwangalia baba mkwe viatu. Mpaka leo naweza kukueleza viatu vyake vyote, hata vile vya raba ambavyo alivishona kwa waya.

Na alinipenda, najua. Mwaka wa kwanza alinitengenezea kabati la jikoni la mbao za saiprasi. Vipimo alivichukua kwa kumtuma mwanawe na utepe, kabati likaletwa mpaka mlangoni, na vijana wakaliingiza. Hajawahi kuliona likiwa mahali pake. Alisimama nje akauliza, "Mkamwana, imekaa sawa?" Nikajibu, nikiangalia viatu, "Imekaa sawa kabisa, Tata." Tata ndivyo wanavyomwita baba huku, nami nilikuwa nimeshajifunza.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipokosea.

Siku moja mume wangu, ambaye ni mwalimu na hupenda kuongea mambo mazito akiwa anatafuna, aliniambia mezani kwamba mzee ana mafua yasiyoisha. Nikauliza, "Ya vumbi?" Akasema, "Labda ni ya vumbi." Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yote. Huko kazini mgonjwa hawezi kunipita bila maswali kumi na taa ya kichwa. Nyumbani niliuliza swali moja, tena nikajijibu mwenyewe. Kesho yake nilimpa mume wangu chupa ya dawa ya kupuliza puani, ile ya mzio, ampelekee baba yake. Mzee akarudisha shukrani kupitia kwa mwanawe. Chupa ikaisha, nikatuma nyingine, kisha nyingine.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba shemeji yangu mkubwa alitaka kumpeleka mzee hospitali ya Nyamira, na mzee akakataa. Alisema hana haja ya daktari wa mbali, maana daktari wa boma ameshampa dawa. Kila aliyemuuliza hali alimwonyesha chupa. Dawa ya mkamwana, alikuwa akiiita, na kwa fahari.

Dalili zilikuja zikapita mbele yangu kama wageni nisiowakaribisha. Mzee alikuwa na mazoea ya kunusa ubao kabla ya kuukata. Aliusogeza puani, akafumba macho, akakwambia kama umekauka au bado una maji ndani. Mwaka ule alilitengenezea kanisa mlango wa mbao za bluugamu, na mvua mbili hazikupita kabla mlango haujapinda ukakataa kufunga. Watu walicheka kwamba mzee amezeeka. Mimi pia nilitabasamu. Kumbe alikuwa hanusi tena kitu chochote, wala gundi, wala vanishi, na hakumwambia mtu.

Halafu zile hankachifu. Maisha yake yote mama mkwe alimfulia hankachifu nyeupe za Sabato. Mzee akaziacha akanunua nyingine za rangi ya zambarau iliyoiva, karibu nyeusi, akaanza kuzifua mwenyewe, akizianika nyuma ya karakana. Mzee wa Kikisii wa umri ule anafua hankachifu yake mwenyewe! Niliziona pale kwenye waya nikipita kwenda kuchuma mboga za chinsaga, nikajiambia, wanaume wakizeeka wanakuwa na vituko. Mimi, ninayejua damu iliyokauka inafananaje kwenye kitambaa cha kila rangi.

Aliyenifungua macho hakuwa mtu, ilikuwa simu. Mume wangu alipiga picha siku ya kushukuru mavuno kanisani, familia yote imepangwa kwenye ngazi. Nilikuwa nimekaa ofisini nikisubiri maji ya chai yachemke, nikaifungua picha ile nione kama gauni langu limekaa vizuri. Nikaivuta ikawa kubwa. Uso wa baba mkwe ukajaa kioo chote.

Sikuwahi kuuona uso ule kwa karibu namna ile. Kwenye simu hakuna chinsoni. Jicho lake la kushoto lilikuwa limesogea mbele, limesukumwa kidogo kwenda nje na chini, na kona ya ndani, kati ya jicho na pua, ilikuwa imejaa. Niliivuta picha tena. Nilijua. Hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza angejua. Kitu kilikuwa kinaota ndani ya zile nafasi za hewa zilizo kwenye mifupa ya uso, watu wanaziita sainasi, na kilikuwa kimekula pua mpaka kimefika kwenye ukuta wa jicho. Birika likachemka likamwagika. Mhudumu akaja kulizima, akaniuliza kama nimefiwa.

Mzee hakutaka kuja hospitali kupimwa. Nilimsikia kutoka uani akimwambia mume wangu, kwa Kiswahili ili na mimi niliyekuwa nje nisikie: "Sasa mimi nifunguliwe pua na mkamwana? Na watu ya kanisa waseme nini?"

Nikajibu nikiwa uani, nikiangalia ukuta. "Si mimi, Tata. Ni daktari mwingine. Mimi sitaingia ndani."

"Wewe utakuwa wapi?"

"Nje."

"Sawa. Kaa nje."

Siku ya kupimwa nikakaa nje ya mlango wa chumba changu mwenyewe cha kazi, kwenye benchi ya wagonjwa. Daktari bingwa wetu, mwanamume mpole asiyepandisha sauti, alikaa naye kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Alipotoka alinipa ishara ya kichwa nimfuate dirishani. Kwenye skrini ya kamera ilikuwepo nyama ya kijivu yenye unyevu, imejaza pua ya kushoto yote. Alikuwa amekata kipande cha kupeleka maabara. Picha ya skani ilionyesha ukuta mwembamba wa jicho umesukumwa, na sehemu ya juu, pale ambapo paa la pua ni sakafu ya ubongo, haikueleweka vizuri.

Majibu ya kwanza yalisema ni uvimbe wa mzio. Nyumbani waliimba. Mama mkwe alichinja kuku. Daktari wangu aliisoma karatasi ile mara mbili, akaikunja, akasema, "Tumekata juu juu. Turudie, tuingie ndani zaidi." Mimi nilikula kuku yule nikiwa nimekaa na siri yangu, na kila mtu aliyenishukuru kwa dawa nilizotuma alinichoma upya.

Baada ya kipande cha pili, mtu wa maabara alipiga simu badala ya kuandika. Nilipokea mimi.

"Daktari, hii sampo mmeandika ni ya pua. Mko na uhakika? Inafanana na kitu imetoka kwa utumbo."

Nilimwambia ni ya pua. Akaniomba niangalie tena jina kwenye chupa. Nikaangalia. Mwishowe mzee akapimwa utumbo wote, aibu juu ya aibu, ili wahakikishe ugonjwa haukuanzia huko, na utumbo ukakutwa safi. Basi daktari bingwa akafunga mlango akaniuliza swali moja tu: "Huyu mzee alikuwa anafanya kazi gani?"

Nikasema seremala. Akatikisa kichwa polepole. Ni saratani ya nadra, akasema, wengine hukaa kazini mpaka wastaafu bila kuiona. Huota kwenye pua lakini ukiitazama kwa darubini ni kama ya utumbo, na wanaoipata zaidi ni watu waliovuta vumbi la mbao miaka na miaka. Niliporudi nyumbani jioni ile nilisimama jikoni mbele ya kabati langu la saiprasi. Nilipitisha kidole kwenye ukingo wake, jinsi alivyoupiga msasa ukawa laini kama sabuni. Nikalia kwa hasira, na sijui mpaka leo ilikuwa hasira ya nani.

Upasuaji ulifanyika hospitali kubwa ya mbali, maana ulihitaji wapasuaji wa pua na wa ubongo wafanye kazi pamoja. Wangeingia kwa tundu za pua na kamera, waikate nyama ile kipande kwa kipande mpaka wafike kwenye mfupa mzima, na kama sakafu ya ubongo imetobolewa waizibe kwa utando wa kutoka paja lake mwenyewe. Kulikuwa na karatasi ya kutia sahihi. Ilisema kwamba kama ugonjwa utakutwa umeingia ndani ya jicho, jicho litaondolewa hapohapo.

Mume wangu alimsomea baba yake karatasi yote. Mimi nilisimama mlangoni, nimewapa ubavu.

"Jicho gani?" mzee akauliza.

"Ya kushoto, Tata."

"Hiyo ndiyo ya kupima mbao." Fundi anapotaka kujua ubao umenyooka huuinua, hufumba jicho moja na kutazama kwa lingine kutoka mwisho mpaka mwisho. Yeye alitazama kwa la kushoto. Alikaa na kalamu mkononi mpaka nesi akaja mara mbili. Kisha akatia sahihi, akasema, "Waambie wasikate bure."

Tulingoja kuanzia asubuhi mpaka jua likageukia upande wa pili wa jengo. Mama mkwe alisoma Biblia yake bila kufungua ukurasa mwingine. Mimi nilijua kila kinachofanyika humo ndani, jina la kila kifaa, mahali pa kila mshipa wa damu, na kujua huko hakukunisaidia kitu. Wengine waliogopa kitu kimoja, mimi niliogopa ishirini. Mpasuaji alipotoka alivua kofia kwanza. Jicho limebaki, akasema. Utando unaolifunika ulikuwa haujatobolewa. Lakini juu, karibu na ubongo, wamekwangua mpaka pa mwisho pa kukwangua, na mionzi italazimika kufuata. Mama mkwe akapiga magoti palepale kwenye sakafu. Mimi nilibaki na lile neno la mpasuaji, pa mwisho.

Baada ya mionzi walimrudisha nyumbani na maagizo. Pua ioshwe kwa maji ya chumvi kila siku, na kila wiki mtu mwenye taa na mkono mwepesi atoe magamba yanayoganda ndani na aangalie kama kuna kitu kipya. Mjini ni mbali kwa mtu aliyedhoofika hivyo, na barabara ya Manga wakati wa mvua unaijua au umeisikia. Wote pale sebuleni waliangalia mahali pengine. Mama mkwe ndiye aliyekata shauri.

"Atakuangalia huyu," akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Mimi nitakaa hapo. Mlango iwe wazi. Kama kuna mtu iko na maneno, alete kwangu."

Mzee akasema, "Si kwa nyumba. Kwa karakana."

Ndivyo tulivyoanza. Kila Jumapili asubuhi, kwenye benchi yake ya kurandia, randa na misumeno imesogezwa kando. Karakana ilikuwa imefagiliwa mpaka nikaihurumia. Mama mkwe kwenye kigoda karibu na mlango, akikata mboga. Mimi na taa ya kichwa, barakoa, glavu. Mara ya kwanza mzee alishika magoti yake kwa nguvu, akainua uso, akafumba macho yote mawili kabisa, ili angalau mmoja wetu awe ameshika adabu. Juu ya kichwa chake, kwenye rafu, kati ya makopo ya misumari, niliziona chupa zangu. Zote. Alikuwa amezipanga kwa mstari, tupu, lebo zikitazama mbele.

Nilitaka kumwambia. Nisamehe, Tata, nilikutibu kwa kubahatisha kwa sababu niliona aibu kukutazama. Wiki ile sikuweza, wala iliyofuata. Kila nikimaliza aliuliza swali lilelile la kabati, "Mkamwana, imekaa sawa?" Nami nilijibu, "Imekaa sawa, Tata." Ilikuwa kweli. Ndani ya pua ile palikuwa pekundu, kisha pakawa pa waridi, kisha pakawa safi kama pa mtoto. Akaanza kufungua macho nikifanya kazi. Akaanza hata kunitania, kwamba watu wa ziwani tumezoea kutoa matumbo ya samaki ndiyo maana nina mkono mwepesi. Siku moja aliinua kipande cha saiprasi, akafumba jicho la kulia, akakitazama kwa la kushoto kutoka mwisho mpaka mwisho, na mama mkwe akaacha kukata mboga ili amwangalie.

Jumapili iliyopita mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nilisafisha kama kawaida. Niliinua taa kuelekea juu, nyuma, pale karibu na paa, mahali ambapo kila wiki nimekuwa nikifika nikiwa nimebana pumzi. Palikuwa na kitu. Kidogo kama punje ya wimbi, cha kijivu, chenye unyevu. Nilikigusa kwa ncha ya pamba, na pamba ikarudi na damu.

Nilitaka kiwe kovu. Niliangalia tena, nikabadilisha pembe ya taa. Nimechungulia pua nyingi mno kuweza kujidanganya kwa muda mrefu. Nikazima taa, nikaanza kukusanya vifaa vyangu, na macho yangu yakashuka yenyewe mpaka kwenye viatu vyake. Vilikuwa vile vya raba, vyenye waya.

Hakuuliza kama imekaa sawa.

"Mkamwana," akasema, "miaka yote unaniangalia viatu, na mimi najua ni heshima. Leo si heshima."

Nikasema nitampigia daktari kesho, nitamweleza mume wangu, naye atakuja amweleze. Maneno yaligongana mdomoni. Kule mlangoni kisu kilikuwa kimenyamaza.

"Hapana," akasema. "Usipitishe kwa kijana yangu. Ile dawa ulipitisha kwake." Hakusema kwa ukali. Aliinua mkono akaonyesha rafu bila kugeuka, kwa hiyo nikajua kwamba amekuwa akilijua kosa langu, pengine tangu siku aliposomewa karatasi ya upasuaji, na kwamba hata hivyo kila Jumapili aliniinulia uso. "Hii niambie wewe."

Nikavua barakoa. Nikamtazama machoni, yote mawili, nikamwambia.